Picha ya simba mezani: Anachopaswa kujua anayeiuza na anayeinunua

SIMBA dume aliyejulikana kwa jina Mohawk alipigwa risasi na kufa huko Isinya, Kaunti ya Kajiado, tarehe 30 Machi 2016. Alikuwa ametoka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, akazingirwa na umati wa watu, akamjeruhi mtu mmoja, na hatimaye askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) wakamfyatulia risasi.

Wakenya wengi waliomsikitikia hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Walimjua kwa picha. Singa zake zilizosimama utosini mfano wa mtindo maarufu wa nywele, ambazo ndizo zilizompa jina, zilikuwa zimenaswa kwa miaka kadhaa na wageni wa mbuga hiyo, wakiwemo watu ambao kamera kwao si kazi ya mshahara bali ni uraibu tu.

Alipokufa, picha hizo zilikoma kuwa pambo. Ziligeuka kumbukumbu ya mnyama mmoja mahususi, aliyeishi mahali mahususi na kufa kwa sababu inayojulikana. Hapo ndipo inapodhihirika thamani ya picha ya mnyama, na hapo ndipo anapopaswa kuanzia mtu yeyote anayekusudia kuchapisha picha zake, kuzipanga katika kibanda cha maonyesho na kuziuza.

Swali la msingi ni hili: katika zama ambapo kila mtu ana simu yenye kamera mfukoni, mnunuzi anatoa pesa zake kwa ajili ya nini hasa?

ARDHI YENYE PICHA NYINGI

Ni sehemu chache duniani ambako mtu anaweza kuondoka nyumbani asubuhi, akampiga picha kifaru, na kurejea kwa chakula cha mchana. Mkazi wa Laiser Hill, mtaa wa Ongata Rongai ambao wengi huutambua kwa shule ya Laiser Hill Academy, ni mmoja wa watu wenye bahati hiyo. Mwenzake wa Kitengela, kwenye barabara ya kuelekea Namanga, naye pia.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina ukubwa wa kilomita 117 za mraba. Imezungushiwa ua upande wa mji, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, wanyama wamekuwa wakivuka tangu zamani kwenda katika nyanda za Kitengela na Kaputiei kutafuta malisho. Twiga wakiwa wamesimama mbele ya majumba marefu ya jiji ni picha ambayo imezunguka dunia nzima.

Hata hivyo, wingi wa picha za aina hiyo ndio unaomkwaza muuzaji. Mgeni wa maonyesho ameshawaona twiga hao katika kalenda, kadi na mitandao. Picha inayomsimamisha ni ile inayomwonyesha jambo ambalo hangeliona bila mpigapicha kusubiri: nyumbu wakipita kando ya kiwanda, swara akiruka waya wa shamba, au pundamilia wakinywa maji karibu na ng'ombe wa Kimaasai.

Mkazi wa eneo hili ana kitu ambacho mtalii wa siku tatu hana, nacho ni muda. Anaweza kurudi mahali pamoja mara hamsini. Anajua ni mwezi gani mvua hugeuza nyanda kuwa kijani na ni saa ngapi vumbi la jioni hupata rangi ya dhahabu. Huo ndio mtaji wake wa kwanza, nao haununuliwi dukani.

KUTOKA KAMERA HADI KARATASI

Picha inayopendeza kwenye kioo cha simu si lazima ipendeze ukutani. Kwa kawaida wachapishaji huhitaji nukta 300 kwa kila inchi ili picha inayotazamwa kwa karibu ionekane safi. Kwa kipimo hicho, karatasi ya A4 inahitaji picha yenye takriban pikseli milioni 9, na ya A3 takriban milioni 17.

Picha kubwa zaidi, zinazotazamwa kutoka mbali, zinaweza kuvumilia kiwango cha chini kuliko hicho. Lakini picha iliyopokelewa kupitia WhatsApp kwa kawaida huwa imekwisha kubanwa na kupoteza sehemu ya undani wake, na haifai kupelekwa kwa mchapishaji. Faili ya asili ndiyo inayopaswa kuhifadhiwa, tena mahali zaidi ya pamoja.

Jambo la pili ni wino na karatasi. Wino wa pigimenti hudumu muda mrefu kuliko wino wa kawaida wa rangi, na karatasi isiyo na asidi haigeuki manjano upesi. Mnunuzi hawezi kuona tofauti hiyo siku ya maonyesho. Ataiona baada ya miaka michache, pale ambapo simba wake wa rangi ya kahawia atakapokuwa amepauka.

Kwa sababu hiyo, muuzaji mwaminifu humweleza mteja ni wino gani na karatasi gani zilizotumika, na humwonya asitundike picha mahali panapopigwa na jua moja kwa moja. Maelezo hayo machache hujenga imani kuliko sifa nyingi.

Fremu nayo ina kanuni yake. Picha haipaswi kugusa kioo, kwa kuwa unyevu unaweza kuigandisha. Ndiyo maana huwekwa kadi yenye dirisha kati ya picha na kioo. Kadi hiyo hulinda picha na pia huipa nafasi ya kupumua machoni pa mtazamaji.

KUPANGA KIBANDA

Nafasi za kuonyesha si haba kwa anayezitafuta. Kuna masoko ya sanaa kama Maasai Market jijini Nairobi, kuna maonyesho ya sanaa ya bei nafuu yanayoandaliwa na chama cha Kenya Museum Society katika Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi, na kuna siku za maonyesho za shule, makanisa na vilabu vya uraibu mitaani. Kila mahali pana wateja wa aina yake, na ni busara kwenda kwanza kama mgeni kabla ya kulipia meza.

Mtu anayetembea kati ya vibanda huamua kwa muda mfupi sana kama atasimama au atapita. Kibanda chenye picha arobaini zilizobanana humchosha. Kibanda chenye picha moja kubwa katikati na nyingine chache pembeni humpa jicho lake mahali pa kutua.

Katika makavazi na kumbi za sanaa, ada ni kutundika picha ili kitovu chake kiwe karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Picha zilizolazwa mezani zikitazama juu huakisi mwanga wa angani na kupoteza rangi. Zikisimamishwa, mtu huziona akiwa bado yuko mbali.

Maonyesho ya uwanjani huleta maadui wawili, upepo na vumbi. Mbao za kutundikia picha zifungwe au ziwekewe uzito miguuni, kwani fremu moja ya kioo ikianguka hula faida ya siku nzima. Picha zisizo na fremu ziwekwe katika mifuko ya plastiki angavu, ndani ya sanduku ambalo mteja anaweza kulipekua mwenyewe bila kuacha alama za vidole kwenye karatasi.

Mwisho, kila picha iwe na kijikaratasi chenye jina la mnyama, mahali, mwaka, ukubwa na bei. Bei iliyofichwa huwafukuza wateja wenye haya, ambao ni wengi kuliko wenye kuuliza.

HESABU YA BEI

Kosa la kawaida la anayeanza ni kupanga bei kwa kutazama gharama ya kuchapisha peke yake. Mfano wa hesabu unaweza kusaidia kuonyesha hatari hiyo.

Tuseme kuchapisha picha ya A3 kunagharimu Sh1,200, kadi na fremu Sh1,800, meza ya maonyesho Sh4,000 kwa siku, na usafiri Sh1,500. Muuzaji akiuza picha 10, kila moja imebeba Sh400 za meza na Sh150 za usafiri. Gharama yake kamili ni Sh3,550. Akiiuza kwa Sh3,500 akidhani amepata faida ya Sh500, ukweli ni kwamba amepoteza Sh50.

Akiuza tano tu, gharama ya kila moja hupanda hadi Sh4,100. Na hapo bado hajahesabu kiingilio cha mbuga, mafuta ya gari, bei ya lenzi wala asubuhi alizorudi mikono mitupu.

Njia inayowafaa wengi ni kuwa na ngazi tatu za bei. Ya chini ni kadi na picha ndogo, ambazo hata mwanafunzi anaweza kumudu. Ya kati ni picha zisizo na fremu. Ya juu ni picha chache kubwa zilizokamilika. Mara nyingi picha kubwa ndiyo inayomvuta mtu kwenye kibanda, na kadi ndiyo anayoondoka nayo.

Baadhi ya wapigapicha huchapisha nakala za idadi maalumu, kwa mfano 25, na kuandika kwa penseli chini ya kila moja namba yake na sahihi. Huo ni ukomo unaopandisha thamani, lakini pia ni ahadi. Anayechapisha nakala ya 26 kwa ukubwa uleule amewadanganya watu 25 waliomwamini.

Malipo yenyewe yamerahisishwa tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007. Kwa upande wa ushuru, biashara yenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka iliwekwa chini ya kodi ya mauzo ya asilimia tatu kuanzia Julai 2023. Waraibu wengi hawafikii kiwango hicho, lakini kuweka daftari la mauzo ni desturi njema tangu siku ya kwanza.

NANI MWENYE PICHA?

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mwenye picha kuwa ni mtu aliyewajibika kwa mpangilio wake. Haki hiyo huanza picha inapopigwa, hata kabla ya kusajiliwa, na hudumu kwa miaka 50. Hata hivyo, kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO) humpa mwenyewe ushahidi pakizuka mzozo.

Wanunuzi wengi hawajui kwamba kununua picha si kununua hakimiliki. Aliyenunua picha ya chui kwa ajili ya sebule yake anaweza kuitundika, kuitoa zawadi au kuiuza, lakini hana ruhusa ya kuichapisha kwenye fulana au tangazo la hoteli yake. Kuhamisha hakimiliki ni lazima kufanywe kwa maandishi.

Mnyama mwenyewe hana haki hiyo. Jambo hilo lilijadiliwa mahakamani nchini Marekani baada ya nyani wa Indonesia kujipiga picha mwaka 2011 kwa kamera ya mpigapicha David Slater. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa iliamua kwamba wanyama hawawezi kushtaki chini ya sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo.

Watu, kwa upande mwingine, wana haki zao. Mchungaji anayeonekana waziwazi kando ya mifugo yake anastahili kuombwa idhini kabla ya sura yake kuuzwa mezani. Vivyo hivyo, anayepiga picha ndani ya mbuga kwa nia ya biashara anapaswa kuuliza kwanza katika ofisi za KWS ni kibali gani kinachohitajika.

UKWELI NDIO BIDHAA

Picha ya mnyamapori huuzwa kwa dhana kwamba jambo lile lilitokea kweli. Dhana hiyo ikivunjika, picha hubaki karatasi tu.

Shindano mashuhuri la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na makavazi ya Natural History Museum ya London, limewahi kulikabili tatizo hilo zaidi ya mara moja. Mshindi wa mwaka 2009, aliyemwonyesha mbwamwitu akiruka lango, alivuliwa ushindi Januari 2010 baada ya waamuzi kuona kwamba huenda mnyama huyo alikuwa wa kufugwa. Mwaka 2018 picha nyingine iliyokuwa imeshinda iliondolewa kwa madai kwamba mhanga aliyeonekana humo alikuwa mfu aliyejazwa pamba. Wapigapicha wote wawili walikana.

Leo programu za akili bandia zinaweza kutengeneza simba asiyewahi kuzaliwa, mwenye kila unywele mahali pake. Mtu anaweza kuuza mchoro wa aina hiyo, mradi amwambie mnunuzi kwamba ni mchoro. Akiuita picha ya Kitengela, anauza uongo. Kadhalika, mnyama aliyepigwa picha kwenye kituo cha mayatima aandikwe hivyo, na ng'ombe, mbuzi au mbwa wa nyumbani asionewe haya, kwani nao wana wateja wao.

Kuna ukweli mmoja tu ambao ni bora usemwe nusu. Mbuga ya Nairobi ni hifadhi ya vifaru, na majangili nao hutazama picha. Maelezo ya picha ya kifaru yataje mbuga, yasitaje kichaka. Data za mahali ambazo simu na kamera huzificha ndani ya faili zifutwe kabla ya picha kutumwa mtandaoni.

PESA NA ARDHI

Swali gumu zaidi ni nani anayenufaika. Mpigapicha huuza sura ya simba, mnunuzi hupamba nyumba yake, lakini ni mfugaji wa Kitengela ambaye mbuzi wake huliwa usiku.

Mnamo Juni 2012, wakazi wenye hasira waliwaua simba sita huko Kitengela baada ya mifugo kushambuliwa. Mnamo Aprili 2025, simba alimuua msichana wa miaka 14 katika makazi yaliyo kando ya mpaka wa kusini wa mbuga. Maelezo ya picha yanayomwita simba mfalme wa nyika na kuishia hapo huwaacha nje majirani zake.

Nafasi yenyewe inapungua. Ardhi iliyokuwa ya pamoja iligawanywa, ikauzwa vipande vipande, ikajengwa na kuzungushiwa ua. Nyumbu wa nyanda za Athi na Kaputiei, ambao mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi 25,000, walikuwa chini ya 3,000 kufikia mwaka 2011. Mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wenye mashamba Dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua ulionyesha kwamba wengi walikuwa tayari kuwavumilia wanyama, mradi mzigo huo ulipiwe.

Wapo wapigapicha waliolichukulia jambo hili kuwa sehemu ya kazi yao. Nick Brandt, mzaliwa wa Uingereza aliyejulikana kwa picha zake za Amboseli, alishirikiana na Richard Bonham kuanzisha shirika la Big Life Foundation mwaka 2010 ili kulinda wanyama wa eneo hilo la Kajiado. Katika kazi yake ya Inherit the Dust, iliyotolewa mwaka 2016, alichapisha picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazibandika kwenye mbao kubwa na kuzisimamisha katika majalala, machimbo na chini ya madaraja ya Kenya, mahali ambapo wanyama hao walikuwa wakipita zamani.

Naye Margot Raggett, aliyeguswa na kuona tembo aliyeuawa na majangili huko Laikipia, aliwaomba wapigapicha wenzake watoe picha zao bure. Kitabu kilichotokana na ombi hilo, Remembering Elephants, kilitoka mwaka 2016, na mapato yake yakaelekezwa kwenye uhifadhi.

Mraibu wa Laiser Hill hahitaji kuwa na jina kubwa kama hao ili kufuata mfano. Anaweza kutenga sehemu ya bei ya kila picha kwa ajili ya fidia ya mifugo au taa za kufukuza simba, kama zile zilizobuniwa na mvulana wa Kitengela, Richard Turere, ambaye aliueleza ulimwengu ubunifu wake katika jukwaa la TED mwaka 2013. Akifanya hivyo, aandike kiasi chenyewe na aweke risiti kibandani. Ahadi isiyo na kiasi ni mapambo tu.

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha iliyochapishwa vyema, yenye bei ya haki na maelezo ya kweli haihitaji kupigiwa kelele. Tembo Tim wa Amboseli, aliyekufa Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 50, alipelekwa katika Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi ili mwili wake uhifadhiwe. Mohawk na wengine wengi hukumbukwa kwa picha walizopigwa wakiwa hai. Anayechapisha moja kati ya hizo aandike nyuma yake jina la mnyama, mahali na mwaka, kwa wino usiofutika.